Muliro: Mwanasiasa aliyezaliwa Bungoma, akazikwa Trans Nzoia

KUTOKA Bungoma hadi Kitale ni takriban kilomita 70 kwa njia ya angani, safari ya dakika chache tu kwa ndege ndogo. Msafiri wa barabarani huweza kuzungukia Webuye, Misikhu, Kamukuywa na Kiminini.

Hata hivyo, Henry Pius Masinde Muliro alipozaliwa katika kijiji cha Matili, Kimilili, mwaka wa 1922, utengano wa pande hizo mbili haukupimwa kwa kilomita.

Bungoma ilikuwa katika maeneo yaliyotengewa Waafrika, nayo Kitale ilikuwa kitovu cha mashamba ya walowezi wa Kizungu. Huko Mwafrika aliingia kama kibarua, kipande kikining'inia shingoni.

Muliro alijiunga na Chuo Kikuu cha Cape Town mwaka wa 1949, wakati ambapo sera ya ubaguzi wa rangi ilikuwa ikishika mizizi Afrika Kusini. Alirejea nchini baada ya miaka mitano, akawa mwalimu.

Mwaka wa 1957 alichaguliwa kuwakilisha Nyanza Kaskazini katika Baraza la Kutunga Sheria, akiwa miongoni mwa Waafrika wanane wa kwanza kuingia humo kwa kura.

Chama cha KADU kilipoundwa mwaka wa 1960, alikuwa makamu wa Ronald Ngala. Chama hicho kilipigania serikali za majimbo, na ndipo suala la Kitale lilipozuka: iwe ya Magharibi au ya Bonde la Ufa?

Muliro alitaka iwe ya Magharibi. Alishindwa. Trans Nzoia iliwekwa katika Bonde la Ufa, na Bungoma ikabaki Magharibi.

Mpaka ulipokataa kusogea, aliuvuka yeye mwenyewe. Mwaka wa 1963 alishinda kiti cha ubunge cha Trans Nzoia.

Baadaye aliteuliwa waziri, lakini mwaka wa 1975 alifutwa kazi kwa kuunga mkono bungeni ripoti kuhusu mauaji ya J.M. Kariuki.

Mwaka wa 1991 alikuwa miongoni mwa waasisi sita wa FORD, vuguvugu lililodai mfumo wa vyama vingi.

Mnamo Agosti 14, 1992, alirejea kutoka London, safari ya takriban kilomita 6,800 na zaidi ya saa nane angani. Alianguka na kufariki katika uwanja wa ndege wa Nairobi, akiwa na umri wa miaka 70. Kifo hicho cha ghafla kilizua minong'ono mingi.

FORD ilisambaratika kabla ya uchaguzi wa Desemba mwaka huo, na Rais Daniel arap Moi akashinda kwa takriban asilimia 36 ya kura.

Muliro alizikwa shambani kwake Sinyerere, Trans Nzoia. Uwanja wa michezo wa Kanduyi, Bungoma, una jina lake, sawa na chuo kikuu kilichoko Kakamega. Hivyo, pande zote mbili za mpaka alioshindwa kuuondoa zinamhesabu kuwa mwana wao.