Dijkstra: Msomi aliyetilia shaka majaribio ya programu

MNAMO 1957, kijana mmoja alifika mbele ya wakuu wa manispaa ya Amsterdam, Uholanzi, kuandikisha ndoa yake. Sheria ilimtaka ataje kazi aliyoifanya, naye akaeleza kwamba alikuwa mtayarishaji wa programu za tarakilishi. Wakuu hao walilikataa jibu lake kwa sababu, kwa ufahamu wao, kazi ya namna hiyo haikuwapo. Ikambidi aandikishwe kuwa mwanafizikia wa nadharia.

Kijana huyo alikuwa Edsger Wybe Dijkstra. Miaka 15 baadaye alitunukiwa Tuzo ya Turing, ambayo ndiyo heshima kuu kabisa katika taaluma ya tarakilishi. Lakini zaidi ya tuzo na sifa, jina lake limebaki vinywani mwa wanataaluma kwa sababu ya swali moja lililomsumbua maisha yake yote: mtu anawezaje kujua kwa hakika kwamba programu aliyoiandika inafanya kazi sawasawa?

Dijkstra alizaliwa Mei 11, 1930, katika mji wa bandari wa Rotterdam. Baba yake alikuwa mwanakemia na mwalimu wa somo hilo, naye mama yake alikuwa mwanahisabati ambaye hakuwahi kuajiriwa. Alipohitimu shule ya upili mnamo 1948, alikuwa na nia ya kusomea sheria ili siku moja aiwakilishe nchi yake katika Umoja wa Mataifa. Hata hivyo, alama zake za juu katika masomo ya sayansi zilimfungulia njia nyingine, akajiunga na Chuo Kikuu cha Leiden kusomea hisabati na fizikia.

Mnamo Septemba 1951, alisafiri hadi Cambridge, Uingereza, kuhudhuria mafunzo ya wiki tatu kuhusu uandishi wa programu. Safari hiyo fupi ilibadilisha maisha yake. Machi 1952, aliajiriwa na Kituo cha Hisabati cha Amsterdam, chini ya Profesa Adriaan van Wijngaarden, akawa miongoni mwa Waholanzi wa kwanza kabisa kuifanya kazi hiyo.

Kwa muda mrefu moyo wake haukutulia. Fizikia ilikuwa taaluma yenye heshima na misingi imara, ilhali uandishi wa programu ulionekana kuwa ufundi wa kubahatisha tu. Alipomfikia mkuu wake kumweleza wasiwasi huo, van Wijngaarden alikubali kwamba taaluma hiyo ilikuwa bado changa, lakini akamdokezea kwamba pengine yeye ndiye angeipa heshima iliyoikosa. Dijkstra alitoka humo akiwa mtu mwingine.

Matunda hayakukawia. Mnamo 1956, kituo hicho kilipojiandaa kuzindua tarakilishi mpya iliyoitwa ARMAC, lilihitajika tatizo ambalo hata mtu asiyejua hisabati angelielewa. Dijkstra alichagua suala la kutafuta njia fupi kuliko zote baina ya miji miwili, kwa kutumia ramani ya miji 64 ya Uholanzi. Siku moja alipokuwa ameketi mkahawani na mchumba wake wakinywa kahawa, aliitunga kanuni ya kulitatua tatizo hilo kwa muda wa dakika 20 hivi, bila kalamu wala karatasi. Kanuni hiyo ilichapishwa mnamo 1959, na hadi leo ni msingi wa mbinu nyingi zinazoongoza safari za magari barabarani na za data mitandaoni.

Lakini ni mashine nyingine iliyomtia hofu, na hofu hiyo ndiyo iliyompa dira. Tarakilishi ya X1 ilikuwa na uwezo wa kukatiza kazi iliyokuwa ikifanya kila kifaa kama vile taipureta kilipohitaji kuhudumiwa, kisha ikairudia kazi ya awali. Kwa kuwa hakuna aliyeweza kutabiri ukatizaji huo ungetokea wakati gani, kosa lingeweza kujitokeza mara moja na lisirudi tena kwa miezi kadhaa. Fundi angerudia jaribio lile lile mara 100 bila kuliona. Dijkstra alitambua kwamba, katika hali kama hiyo, njia pekee ya kuwa na uhakika ilikuwa ni kuthibitisha kwa hoja kwamba kosa haliwezi kutokea. Suala hilo ndilo aliloliandikia tasnifu yake ya uzamifu mnamo 1959.

Mwaka uliofuata, akishirikiana na Jaap Zonneveld, alitengeneza programu ya kutafsiri maagizo ya lugha ya ALGOL 60 ili yaeleweke na mashine. Wawili hao waliapa kutonyoa ndevu hadi kazi ikamilike. Ilipokamilika mnamo Agosti 1960, Zonneveld alinyoa zake. Dijkstra aliamua kubaki nazo.

Mnamo 1962, aliteuliwa kuwa profesa wa hisabati katika chuo kikuu cha kiufundi mjini Eindhoven. Huko yeye na wenzake wachache waliunda mfumo wa kuendeshea tarakilishi ulioitwa THE. Mfumo huo ulijengwa tabaka kwa tabaka, mithili ya nyumba ya ghorofa, na kila tabaka lilijaribiwa kikamilifu kabla ya lile la juu yake kuongezwa. Katika makala aliyochapisha mwaka wa 1968, Dijkstra alieleza kwamba makosa yaliyojitokeza yalikuwa madogo madogo, takriban moja katika kila maagizo 500, na kila moja liligunduliwa kwa muda wa dakika 10.

Ni kinaya, basi, kwamba mtu aliyefaulu hivyo katika kupima ndiye aliyekuja kuwa mkosoaji mkali wa upimaji. Katika kongamano lililofanyika Roma, Italia, Oktoba 1969, Dijkstra alishikilia kwamba jaribio linaweza kufichua kosa lililopo, lakini haliwezi kamwe kuonyesha kwamba hakuna kosa lililosalia. Alitoa mfano wa kuzidisha nambari katika tarakilishi aliyoitumia. Kupima kila jozi ya nambari ambazo mashine hiyo ingeweza kuzizidisha, alisema, kungechukua zaidi ya miaka 10,000.

Hoja yake inaeleweka vyema zaidi kwa kutazama programu za kuhariri maandishi, ambazo huonekana rahisi mno. Mfano mmoja ni sed, iliyotungwa na Lee McMahon katika maabara za Bell nchini Marekani, kati ya 1973 na 1974. Programu hiyo haina dirisha wala vitufe vya kubofya. Mtumiaji huiandikia amri, kwa mfano ya kubadilisha neno fulani kila linapotokea, nayo husoma faili mstari baada ya mstari, huutekelezea kila mstari amri hiyo, na kuutoa ukiwa umehaririwa.

Anayeipima huipa maandishi anayoyajua, kisha hulinganisha yale yanayotoka na yale yaliyotarajiwa, herufi kwa herufi. Yakitofautiana hata kwa nafasi moja tupu, jaribio limeanguka. Lakini je, atajaribu maandishi mangapi? Kwa herufi 26 pekee za alfabeti ya Kiingereza, mistari yenye urefu wa herufi 10 ni zaidi ya trilioni 141. Mashine inayojaribu mistari milioni moja kwa sekunde ingeimaliza kwa zaidi ya miaka minne. Mistari ikiwa na urefu wa herufi 20, kazi hiyo ingechukua zaidi ya miaka trilioni 600.

Dijkstra aliona kwamba dawa ilikuwa kuandika programu pamoja na uthibitisho wake, jinsi mwanahisabati anavyothibitisha kanuni. Kwake, kinga ilikuwa bora kuliko tiba: afadhali kosa lisiingie, kuliko kuruhusiwa liingie kisha lisakwe.

Hata hivyo, kisa kimoja cha miaka iyo hiyo kilionyesha kwamba njia hiyo nayo ina mitego yake. Mnamo 1969, Peter Naur, msomi mashuhuri wa Denmark aliyeihariri ripoti rasmi ya lugha ya ALGOL 60, alichapisha programu fupi ya mistari kama 25. Kazi yake ilikuwa kupokea maandishi na kuyapanga upya ili kila mstari ubebe maneno mengi iwezekanavyo bila kupita upana uliowekwa. Naur aliambatisha hoja za kuonyesha kwamba programu hiyo ilikuwa sahihi.

Mwaka uliofuata, mhakiki mmoja aligundua kwamba programu hiyo ingetanguliza nafasi tupu mbele ya neno la kwanza, isipokuwa neno hilo liwe na urefu uliolingana barabara na upana wa mstari. Mnamo 1971, mtaalamu mwingine alifichua makosa matatu zaidi. Kisha mnamo 1975, John Goodenough na Susan Gerhart wakaongeza matatu mengine, likiwamo hili: neno la mwisho lingepotea iwapo halikufuatwa na nafasi tupu au alama ya kumaliza mstari. Jumla ya makosa ikawa saba katika programu isiyojaza ukurasa. Isitoshe, wawili hao walionyesha kwamba makosa ya aina hiyo yangegunduliwa mapema kama programu ingeendeshwa na kujaribiwa.

Nyani haoni kundule. Mwandishi wa programu huifikiria kazi yake akiwa na picha ya maandishi ya kawaida akilini, na uthibitisho wake huifuata picha hiyo hiyo. Mpimaji mzuri huanzia pale ambapo mwandishi hakufikiria: faili isiyo na neno hata moja, mstari mrefu kupita kiasi, au mstari wa mwisho usio na alama ya kuumaliza.

Dijkstra hakutetereka. Alitunukiwa Tuzo ya Turing mnamo 1972, na katika hotuba yake aliwahimiza wenzake wawe wanyenyekevu kwa kukubali kwamba akili ya binadamu ina mipaka, hivyo waandike programu ambazo akili hiyo inaweza kuzimudu. Katika kitabu chake cha 1976, A Discipline of Programming, alitangaza waziwazi kwamba hakuna hata programu moja kati ya zilizomo iliyokuwa imejaribiwa katika mashine. Kwa wapinzani wake hayo yalikuwa majivuno. Kwake yeye, ulikuwa msimamo.

Ukali wa kalamu yake ulimletea mahasimu pia. Alizikejeli lugha za programu zilizopendwa na wengi, na hakuficha dharau yake kwa kazi aliyoiona kuwa ya ovyo. Wanafunzi wake waliwekwa mbele yake na kutahiniwa kwa mdomo. Yeye mwenyewe aliandika makala zake kwa kalamu ya wino, akazipa nambari, na kuwatumia marafiki nakala, nao wakazitoa nakala nyingine na kuzisambaza. Makala hizo zilizidi 1,300, na nyingi zimehifadhiwa na Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, Marekani, alikofundisha kuanzia 1984 hadi alipostaafu mnamo 1999.

Alipougua saratani, alirejea nyumbani kwake Nuenen, Uholanzi, ambako alifariki Agosti 6, 2002, akiwa na umri wa miaka 72. Alimwacha mkewe Ria, yule mchumba wa mkahawani, na watoto watatu.

Mabishano aliyoyaanzisha hayakuzikwa naye. Mnamo 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walitangaza kwamba walikuwa wamezishambulia kwa majaribio ya kubahatisha programu zinazotafsiri lugha ya C, wakafichua makosa zaidi ya 325. Miongoni mwa programu walizozijaribu ilikuwamo CompCert, iliyoundwa Ufaransa pamoja na uthibitisho wa kihisabati uliokaguliwa na tarakilishi yenyewe. Katika sehemu zake zilizokuwa zimethibitishwa, hawakupata tafsiri hata moja yenye makosa. Katika zile ambazo hazikuwa zimethibitishwa, waliyapata. Hivyo, Dijkstra alitetewa na chombo kile kile alichokitilia shaka, yaani majaribio.

Nayo sed ingali inatumika kote duniani. Toleo lake la mradi wa GNU husambazwa pamoja na fungu la majaribio, ambalo yeyote anaweza kuliendesha kabla ya kuiamini programu hiyo na maandishi yake. Mengi ya majaribio hayo yalitokana na makosa yaliyowahi kugunduliwa, nayo yamewekwa ili makosa hayo yasirudi tena. Yakifaulu yote, mtumiaji hujua kwamba makosa ya jana hayamo. Kuhusu yale ambayo bado hayajaonekana, onyo la Dijkstra lingali palepale.