Pitt-Rivers: Mwanajeshi aliyeanzisha makumbusho kwa bunduki za majaribio

WAKUSANYAJI wa silaha za kale huzipenda mno singe za majaribio, yaani visu vya kuchomekwa kwenye ncha ya mtutu wa bunduki ambavyo jeshi lilivijaribu kisha likavikataa. Singe iliyopitishwa ilifuliwa kwa maelfu, hivyo si shida kuipata. Iliyokataliwa ilitengenezwa chache, na uchache wake ndio unaoipandisha bei.

Augustus Pitt-Rivers, mmoja wa wakusanyaji mashuhuri zaidi wa karne ya 19, alianzia katika majaribio ya namna hiyo hiyo. Lakini uadimu haukumshughulisha. Alichotaka kujua ni silaha hii ilitokana na ipi, nayo ikazaa ipi.

Alizaliwa Aprili 14, 1827 katika jimbo la Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, akaitwa Augustus Henry Lane Fox. Jina la Pitt-Rivers lilimjia akiwa mtu mzima, pamoja na utajiri, kama tutakavyoona. Alikuwa mwana wa pili katika familia ya wenye mashamba, na kwa mila za huko mwana wa pili hakutarajia mengi. Akapita chuo cha kijeshi cha Sandhurst kwa miezi michache, na mwaka 1845 akajiunga na kikosi cha Grenadier Guards.

Wakati huo jeshi la Uingereza lilikuwa limetoka tu kuziacha bunduki za gumegume na kushika zile za fataki. Hata hivyo, mtutu wa askari wa kawaida ulikuwa bado laini ndani na risasi yake ya mviringo, kiasi kwamba aliyemlenga adui umbali wa mita 200 alitegemea bahati kuliko shabaha. Mitutu yenye mifereji ndani, inayoizungusha risasi ili ishike njia iliyonyooka, ilikuwa imejulikana kwa karne kadhaa. Tatizo lilikuwa kwamba risasi inayobana mifereji ni taabu kuishindilia kutoka mdomoni mwa mtutu, sembuse adui akiwa mbele yako. Mfaransa Claude-Étienne Minié alitoa jawabu: risasi ndefu yenye tundu kitakoni. Huteremka bila kukwama, na baruti ikilipuka kitako hutanuka na kuishika mifereji.

Mwanzoni mwa miaka ya 1850 Lane Fox aliwekwa miongoni mwa maafisa waliozijaribu bunduki hizo mpya. Alitumwa pia Ulaya bara kuona majeshi mengine yalivyofunza shabaha, na chuo cha shabaha kilipofunguliwa Hythe mwaka 1853, alikuwa miongoni mwa waliokianzisha. Mwaka huo huo jeshi lilipitisha bunduki ya Enfield, ambayo singe yake ilikuwa na pembe tatu.

Katika kazi hiyo kavu, ya kupima umbali na kuhesabu matundu kwenye shabaha, ndipo alipoona jambo ambalo wenzake hawakulijali. Hakuna bunduki iliyozuka ghafla kichwani mwa fundi mmoja. Kila moja ilikuwa ile ya jana iliyobadilishwa kidogo: hapa mfereji umeongezwa, pale kitako kimepunguzwa. Mabadiliko mengine yaliishia ukutani, na hayo nayo yalikuwa sehemu ya historia. Akaanza kuzikusanya bunduki na kuzipanga kwa mfuatano. Baada ya bunduki zikaja ngao, mikuki na pinde, kisha vyombo vya kila aina, hadi nyumba yake jijini London ikajaa kutoka chini hadi darini.

Septemba 1854 alipigana vita vya Alma huko Crimea, lakini afya ikamrudisha nyumbani. Baadaye alifunza shabaha kisiwani Malta, na mwaka 1858 akachapisha mhadhara kuhusu maendeleo ya bunduki. Mwaka uliofuata Charles Darwin alitoa kitabu chake kuhusu asili ya spishi, na Lane Fox akaona kwamba kanuni aliyoikuta katika mitutu inafanana na ile ya viumbe. Kati ya 1867 na 1869 alitoa mihadhara mitatu kuhusu vita vya watu wa kale. Mwaka 1875 akachapisha mchoro uliokuja kuwa maarufu: katikati ni fimbo tupu, na kutoka kwake yanachipuka marungu, ngao, mikuki na bumerangi za wenyeji wa Australia.

Hapa ndipo hoja yake ilipopotoka. Bunduki za majaribio zilikuwa na tarehe na kumbukumbu za jeshi. Mikuki ya Afrika na Australia aliyokuwa nayo haikuwa na tarehe yoyote, kwa hiyo alijaza pengo kwa kudhani kwamba chombo sahili ndicho cha zamani, na kwamba watu wanaokitumia wamebaki nyuma katika safari ambayo Wazungu wameikamilisha. Mtu wa huku kwetu angemsahihisha bila kusoma kitabu, maana rungu na mkuki wa chuma vyaweza kushikwa na mtu mmoja siku moja, kila kimoja kwa kazi yake. Tena nadharia hiyo ilikuwa na siasa ndani yake. Alitaka makumbusho yawafunze wafanyakazi kwamba mambo hubadilika polepole, wasije wakavutwa na mapinduzi.

Mwaka 1880 alirithi mashamba makubwa ya Cranborne Chase, kusini mwa Uingereza, zaidi ya ekari 25,000, kwa sharti la kutwaa jina la Pitt-Rivers. Sasa alikuwa na ardhi ya kuchimbua. Mwaka 1881, karibu na Luxor nchini Misri, alikuta zana za mawe ndani ya changarawe ambamo makaburi ya kale yalichongwa, ishara kwamba zilitangulia makaburi yenyewe. Nyumbani alichimbua kwa nidhamu ya kijeshi, akaandika kila kigae na kila mfupa mahali ulipokutwa, na kuacha kibati chenye jina lake chini ya shimo. Wengine walisaka dhahabu. Yeye alisisitiza kwamba vitu vya kawaida ndivyo vinavyosema zaidi. Hilo halijapingwa hadi leo. Chini ya sheria ya 1882 akawa mkaguzi wa kwanza wa serikali wa mabaki ya kale.

Mwaka 1884 alikipa Chuo Kikuu cha Oxford zaidi ya vitu 20,000, kwa sharti kwamba vijengewe jumba na awepo mhadhiri wa anthropolojia. Nafasi hiyo ilimwendea Edward Tylor. Jenerali aliendelea kukusanya kwa ajili ya makumbusho yake binafsi ya Farnham, zikiwemo kazi za sanaa za Benin zilizotekwa na jeshi la Uingereza mwaka 1897. Alifariki Mei 4, 1900.

Mkusanyiko wa Farnham ulitawanyika kwa kuuzwa katika karne ya 20. Ule wa Oxford ulibaki na kukua. Miongoni mwa vilivyoongezwa baada ya kifo chake ni vitu vitakatifu vya Wamaasai, ambavyo wajumbe wa jamii hiyo walivitambua walipoanza kuzuru jumba hilo mwaka 2017. Mwaka 2023 maafisa wa makumbusho walisafiri hadi Kenya na Tanzania, wakakutana na familia zilizohusika na kutoa ng'ombe kwa ajili ya upatanisho.