Alec Issigonis: Mhandisi aliyeipa Uingereza Mini, gari ambalo halikuweza kuokoa viwanda vyake

Ni magari machache yaliyowahi kupendwa na Waingereza kama Mini. Iliuzwa zaidi ya milioni 5, iliendeshwa na wanamuziki, wakunga na wanafunzi, na ilishinda mashindano ya Monte Carlo. Hata hivyo kampuni iliyoitengeneza ilienda kuomba msaada serikalini, ikataifishwa, ikauzwa, na mwishowe ikafilisika. Katika makala haya tunayatazama maisha ya Sir Alec Issigonis, mtu aliyeichora Mini, na tunauliza swali ambalo bado linaleta ubishi nchini Uingereza: nani aliua viwanda vya magari vya nchi hiyo? Je, ni wafanyakazi na migomo yao, serikali na sera zake, au wenye kampuni wenyewe?

Kijana mkimbizi kutoka Smyrna

Alexander Arnold Constantine Issigonis alizaliwa Novemba 18, 1906, katika mji wa bandari wa Smyrna, ambao leo unaitwa Izmir nchini Uturuki. Wakati huo mji ulikuwa chini ya Milki ya Ottoman. Baba yake, mwenye asili ya Kigiriki lakini raia wa Uingereza, alimiliki karakana ya mitambo ya meli. Mama yake, Hulda, alitoka katika familia yenye asili ya Bavaria, Ujerumani. Alec alikuwa mtoto wao wa pekee.

Mwaka 1922, majeshi ya Uturuki yalipoutwaa tena mji huo katika vita na Ugiriki, jeshi la majini la Uingereza liliwahamishia raia wake Malta. Familia ya Issigonis iliacha nyuma karakana, nyumba na karibu kila ilichokuwa nacho. Baba alifariki dunia muda mfupi baadaye. Mama na mwanawe wakaendelea na safari hadi London.

Huko kijana huyo alisomea uhandisi wa mitambo katika chuo cha Battersea. Alikuwa hodari wa kuchora, lakini alifeli mtihani wa hisabati mara tatu. Tangu wakati huo aliiona hisabati kuwa adui wa ubunifu, na hakusita kulisema hilo hata alipokuwa mashuhuri. Jambo hili tuliweke akilini, kwa sababu hesabu ndiyo iliyokuja kuwa tatizo kubwa la kampuni aliyoifanyia kazi.

Baada ya kupitia kampuni ya Humber mjini Coventry, mwaka 1936 alijiunga na Morris, kampuni iliyokuwa na kiwanda chake kikuu Cowley, pembezoni mwa mji wa Oxford.

Gari la kwanza la Uingereza kufikisha milioni moja

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, huku kiwanda kikiwa kimeelekezwa kwenye kazi za kijeshi, Issigonis na wasaidizi wachache walianza kuandaa gari dogo la raia. Gari hilo lilizinduliwa London mwaka 1948 kwa jina la Morris Minor. Hadi karibu na uzinduzi, Issigonis aliliona kuwa jembamba mno. Akaagiza gari la majaribio likatwe katikati, nusu mbili zitenganishwe kidogo kidogo hadi macho yake yaridhike, na upana huo ndio ukawa wa gari lililoingia sokoni.

Mwenye kampuni, Lord Nuffield, hakulipenda na alilifananisha na yai lililopikwa bila ganda. Wanunuzi walikuwa na maoni tofauti. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Morris Minor ilikuwa gari la kwanza la Uingereza kufikisha idadi ya milioni moja. Liliuzwa pia katika makoloni, Afrika Mashariki ikiwemo.

Hapa tunahitaji kuieleza hali ya uchumi ya wakati ule. Baada ya vita Uingereza ilikuwa na madeni makubwa na ilihitaji sana fedha za kigeni. Serikali iligawa chuma kwa mgao, na viwanda vilivyouza nje ndivyo vilivyopewa kipaumbele. Magari ya kigeni yalitozwa ushuru wa takriban theluthi moja ya thamani yake. Viwanda vya Ujerumani, Ufaransa na Italia vilikuwa bado vinajijenga upya baada ya mabomu. Kwa sababu hizo, mwaka 1950 Uingereza iliuza nje magari mengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Ulikuwa ushindi wa kweli, lakini ulipatikana wakati washindani walikuwa wameanguka chini, na viwanda vingi vilidhani hali hiyo ingedumu.

Mgogoro wa Suez na kuzaliwa kwa Mini

Mwaka 1952 mahasimu wawili wa zamani, Austin na Morris, waliunganishwa kuwa kampuni moja, British Motor Corporation, au BMC. Issigonis aliondoka kwenda Alvis, lakini gari aliloliandaa huko halikutengenezwa. Mwaka 1955 mkuu wa BMC, Leonard Lord, alimrudisha, safari hii katika kiwanda cha Longbridge, Birmingham.

Mwaka uliofuata ukazuka mgogoro wa Mfereji wa Suez. Mafuta yakawa haba, na serikali ikaanza kuyatoa kwa mgao. Vigari vidogo vya magurudumu matatu kutoka Ujerumani vikaanza kuonekana kwenye barabara za Uingereza. Lord alivichukia, na alimtaka Issigonis atengeneze haraka gari dogo lililo gari kamili, kwa sharti moja: atumie injini ambayo kampuni ilikuwa nayo tayari.

Jibu la Issigonis lilibadilisha magari duniani kote. Aliilaza injini kwa upana wa gari badala ya urefu wake. Giaboksi akaiweka chini ya injini, zote zikitumia oili moja. Magurudumu ya mbele ndiyo yaliyolivuta gari. Tairi zilikuwa ndogo, za inchi 10, na badala ya springi za chuma zilitumika za mpira, zilizobuniwa na rafiki yake Alex Moulton. Gari zima lilikuwa na urefu wa mita 3 hivi, na bado watu wazima wanne walikaa ndani. Magari mengi madogo yanayotengenezwa leo yana injini iliyolazwa kwa upana, ikivuta magurudumu ya mbele.

Mini ilizinduliwa Agosti 26, 1959, kwa bei ya pauni 496. Ilikuwa na kasoro zake: matoleo ya kwanza yaliingiza maji sakafuni mvua iliponyesha. Issigonis mwenyewe hakujali sana starehe. Aliamini dereva anayekaa kwa raha kupita kiasi huacha kuwa makini, na hakutaka redio ndani ya gari. Hata hivyo Mini ilipendwa. Toleo la mbio lililoandaliwa na John Cooper lilishinda Monte Carlo mwaka 1964, 1965 na 1967.

Hesabu ambayo haikufanywa

Wahandisi wa Ford ya Uingereza walinunua Mini moja, wakaifungua kipande kwa kipande na kupiga hesabu ya gharama ya kila sehemu. Walihitimisha kwamba BMC ilikuwa inapoteza takriban pauni 30 kwa kila gari. Viongozi wa BMC waliyapinga makadirio hayo, na hadi leo wanahistoria wa biashara wanatofautiana kuhusu kiasi halisi. Lakini wanakubaliana juu ya jambo moja: faida, kama ilikuwepo, ilikuwa ndogo mno. Bei ya Mini ilipangwa kwa kuangalia washindani walikuwa wanauza kwa kiasi gani, huku gharama ya kuitengeneza ikipewa uzito mdogo.

Ford yenyewe ilichukua njia nyingine. Gari lake la Cortina, lililotoka mwaka 1962, halikuwa na ubunifu wowote wa kushangaza. Lakini kila boliti ilikuwa imewekewa bei kabla ya kiwanda kuanza kazi. BMC, kwa upande wake, ilitengeneza gari lingine zuri la Issigonis, 1100, lililoongoza kwa mauzo nchini kwa miaka mingi ya 1960. Likauzwa kwa majina sita, kuanzia Austin na Morris hadi Vanden Plas, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuzifuta nembo za zamani na mitandao yake ya wauzaji.

Faida ndogo ina matokeo yake. Kampuni isiyopata faida haiwezi kununua mashine mpya wala kuandaa gari jipya kwa wakati. Mini na 1100 zilizeeka bila warithi wa maana, huku Volkswagen, Renault na Fiat zikijipanga upya.

Mjadala wa sera

Serikali nazo zilikuwa na mchango wao. Katika miaka ya 1950 na 1960, kila uchumi ulipopata joto, Hazina ilipandisha kodi ya ununuzi na kubana masharti ya kukopa gari. Uchumi ukipoa, masharti yalilegezwa. Viwanda havikuweza kupanga uzalishaji wa miaka mitano mbele. Pia, ili kupunguza ukosefu wa ajira, kampuni zilisukumwa zijenge viwanda vipya mbali na Birmingham na Coventry. BMC ilipeleka kiwanda cha malori Bathgate, na kampuni ya Rootes ikajenga cha magari Linwood, vyote Scotland. Vyote viwili vilifungwa katika miaka ya 1980.

Mwaka 1968, serikali ya Labour ya Harold Wilson ilihimiza BMC na Leyland, kampuni ya malori na mabasi iliyokuwa ikifanya vizuri, ziungane. Hoja ilikuwa kwamba ukubwa ungeleta nguvu ya kushindana. Ikazaliwa British Leyland, yenye wafanyakazi karibu 200,000 na viwanda kadhaa vilivyozoea kushindana vyenyewe kwa vyenyewe. Ilifika hata Kenya, ambako katika miaka ya 1970 ilianzisha kiwanda cha kuunganisha magari mjini Thika kwa ubia na serikali.

Migomo ikafuata, mingi ikihusu tofauti za malipo kati ya kiwanda na kiwanda. Mwaka 1973 Uingereza ilijiunga na Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya, ushuru ukaanza kuondolewa, na magari ya kigeni yakaingia kwa wingi. Mwishoni mwa 1974 British Leyland iliishiwa fedha. Mwaka 1975 serikali ikaitaifisha.

Hapo ndipo ubishi ulipopamba moto. Upande mmoja ulisema kuiacha ife kungeangusha maelfu ya kampuni ndogo zinazoiuzia vipuri, na kuua miji mizima. Upande wa pili ulisema fedha za walipakodi zilikuwa zinamwagwa katika gunia lililotoboka. Inashangaza kidogo kwamba hata Margaret Thatcher, aliyeingia madarakani mwaka 1979 akiamini soko huria, aliendelea kuipa kampuni hiyo mamia ya mamilioni ya pauni. Kuifunga kungekuwa na gharama ambayo hata yeye hakutaka kuibeba kwa mara moja.

Miaka ya mwisho

Issigonis alikuwa mmoja wa watu wa kwanza kuguswa na muungano wa 1968. Wakuu wapya, chini ya Lord Stokes, walitaka magari ya kawaida yenye faida. Aliondolewa kwenye nafasi ya juu ya ufundi na kupewa ofisi ya miradi maalumu. Huko aliandaa gari la kuirithi Mini, lililoitwa 9X, lililokuwa jepesi na lenye sehemu chache zaidi, yaani rahisi kutengeneza. Halikuidhinishwa, kwa kuwa kampuni haikuwa na fedha za kutosha. Mtu aliyelaumiwa kwa kutojali gharama alileta jibu wakati ambapo kampuni haikuweza tena kulilipia.

Mwaka 1969 alipewa hadhi ya Sir. Alistaafu rasmi mwaka 1971, na zawadi aliyoiomba ilikuwa seti kubwa kabisa ya Meccano, vile vyuma vidogo vya watoto vya kuunganisha. Hakuwahi kuoa, na aliishi na mama yake hadi mama alipofariki dunia mwaka 1972. Aliendelea kuwa mshauri wa kampuni hadi 1987. Alifariki dunia Birmingham, Oktoba 2, 1988.

Mwaka huohuo serikali iliiuza kampuni, iliyokuwa sasa ikiitwa Rover, kwa British Aerospace kwa pauni milioni 150. Mwaka 1994 BMW ya Ujerumani iliinunua kwa pauni milioni 800. Mkuu wa BMW wakati huo, Bernd Pischetsrieder, alikuwa ndugu wa mbali wa Issigonis kupitia ukoo wa mama yake. Mwaka 2000 BMW, ikiwa imechoshwa na hasara, iliwauzia Rover wafanyabiashara wa Kiingereza kwa pauni 10 tu. Mini, nembo na mpango wa gari jipya, ilibaki nayo. Aprili 2005 MG Rover ikafilisika, na watu takriban 6,000 wakapoteza kazi Longbridge.

Nani basi wa kulaumiwa? Tukiyafuata maisha ya Issigonis, tunaona kwamba tatizo lilianza kabla ya migomo mikubwa na kabla ya kutaifishwa. Lilianza pale kampuni ilipouza gari zuri kuliko yote bila kujua kwa uhakika kila moja linaiachia nini. Serikali zilizofuata zilijaribu kuunganisha, kutaifisha na kubinafsisha, lakini zote zilikuwa zinashughulikia kampuni ambayo tayari ilikuwa imepoteza miaka yake mizuri. Ni jambo la kuzingatiwa na nchi zinazopanga leo kuunda magari yao, zikijadili ushuru na ruzuku.

Uingereza bado inatengeneza magari. Nissan ya Japani imekuwa ikiyaunda Sunderland tangu 1986. Na Mini mpya hutoka Cowley, palepale ambapo Issigonis aliingia kazini mwaka 1936, ingawa faida yake sasa huenda Munich.