Sauti Iliyosikika, Jina Lililofichwa

Tunapowasimulia wanafunzi habari za safari za angani, aghalabu humtaja Korolev aliyeunda roketi na Gagarin aliyepaa mwaka 1961. Kwa maoni yangu, Mikhail Ryazansky naye hastahili kusahauliwa. Roketi huunguruma kwa dakika chache tu. Baada ya hapo kinachokiunganisha chombo na dunia ni redio, na redio hiyo ilikuwa mikononi mwake.

Alizaliwa St Petersburg mwaka 1909. Angali kijana alifanya kazi katika maabara mashuhuri ya redio ya Nizhny Novgorod. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alishiriki kuunda rada za kutambua ndege za adui, akatunukiwa Tuzo ya Stalin mwaka 1943. Vita vilipokwisha alipelekwa Ujerumani kuchunguza makombora ya V-2, kisha akawa mbuni mkuu katika taasisi ya siri iliyoitwa NII-885. Kazi yake hapo ilikuwa kuongoza makombora kwa redio. Tusijidanganye: silaha ilitangulia, sayansi ikadandia mgongoni mwake.

Tarehe 4 Oktoba 1957 Sputnik ilirushwa. Mtambo wake wa kutoa mawimbi, uliobuniwa na wahandisi wa taasisi hiyo, ulikuwa na nguvu ya wati moja, kiasi cha balbu ya tochi. Ulilia kwa majuma yapatayo matatu. Masafa yake, megahezi 20 na 40, yaliwawezesha hata wapenzi wa redio wa kawaida kuusikia. Jarida la Radio la Moscow lilikuwa limeyachapisha miezi kadhaa kabla. Hicho ndicho kinaya kinachonishangaza. Ulimwengu uliambiwa mahali pa kuitafuta sauti, ila haukuambiwa ni nani aliyeongoza kazi ya kuitengeneza.

Miaka miwili baadaye Luna 3 ilipiga picha za upande wa Mwezi ambao binadamu hakuwahi kuuona, ikazisafisha yenyewe humo humo, na redio ikazileta duniani.

Wapo wanaoutetea usiri huo kwa hoja ya usalama. Mimi sishawishiki, kwani Marekani haikumficha von Braun, na roketi zake zilipaa vilevile. Korolev alitangazwa hadharani alipofariki Januari 1966. Ryazansky aliendelea na kazi kimya kimya, akafariki Moscow Agosti 1987.