Sheikh Ahmad bin Naaman: Tawakkul haianzi bandarini

Huku kwetu Omurushaka hakuna bahari. Anayetaka kuona jahazi lazima avuke nchi nzima hadi Tanga, Dar es Salaam au Unguja. Hata hivyo nataka leo tuzungumze habari za nahodha, kwani historia yake inatuhusu Waislamu wa bara kama inavyowahusu wa pwani.

Mtu huyo ni Sheikh Ahmad bin Naaman al-Kaabi, katibu wa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Mwaka 1833 Sayyid Said alifunga mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 balozi mdogo wa Marekani, Richard Waters, akafika Unguja. Meli za Wamarekani zikawa zinakuja kuchukua pembe na sandarusi. Sayyid akaona hapana sababu wao tu ndio waje. Akaamua kupeleka chombo chake mwenyewe New York, na dhamana akampa Sheikh Ahmad.

Chombo kiliitwa Sultana, kimeundwa Bombay, chenye milingoti mitatu. Hapa ndipo pana somo. Safari ya kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema na kuvuka Atlantiki haikuwa ya kwenda Lamu na kurudi. Chombo cha mbao huzibwa mianya kwa kalafati, matanga yakashonwa na ya akiba yakawekwa, kamba zikakaguliwa moja moja. Maji ya kunywa hupimwa kwa idadi ya watu na siku, kwa sababu katikati ya bahari hakuna kisima. Shehena hupangwa kwa uzito, isije ikalalia upande mmoja. Na wakati wa kung'oa nanga hauchaguliwi na nahodha, huchaguliwa na upepo. Sultana iliondoka Unguja Februari 1840, kaskazi ikivuma kuelekea kusini.

Ndani yake mlikuwa na magunia 1,300 ya tende, magunia 135 ya karafuu, kahawa, mazulia ya Uajemi, sandarusi, ngozi, na pembe za ndovu 108. Pembe ndiyo bidhaa iliyokuja kuwafikisha wafanyabiashara Waarabu mpaka Kafuro, hapa hapa Karagwe, na pamoja nao Uislamu. Kwa hiyo bahari ile haikuwa mbali nasi kama tunavyodhani.

Tarehe 30 Aprili 1840 Sultana ikatia nanga New York. Watu walijaa gatini kuwatazama mabaharia wenye vilemba. Sheikh Ahmad alipokewa kwa heshima, akachorwa picha na Edward Mooney, picha ambayo imehifadhiwa Marekani. Zawadi za Sayyid kwa Rais Martin Van Buren, wakiwemo farasi wawili wa Kiarabu, ziliishia kuwa mali ya serikali, kwani sheria yao haimruhusu rais kujichukulia. Hilo lisingekuwa geni kwa Muislamu anayejua jinsi Mtume (S.A.W.) alivyomkemea mkusanya zaka aliyejiwekea zawadi alizopewa kazini. Agosti mwaka ule Sultana ikaondoka, na Desemba ikarudi Unguja. Sheikh Ahmad alifariki mwaka 1869.

Lakini tusiisimulie habari hii kwa kujisifu tu. Kwanza, utajiri wa Unguja wa wakati ule ulisimama juu ya migongo ya watumwa, na anayeficha hilo haitetei dini, anaitia doa. Pili, chombo kilifika New York kimechakaa, kikalazimika kutengenezwa katika karakana ya jeshi la majini la Marekani, kwa gharama ya wenyeji. Tatu, na hili ndilo linaloniuma zaidi, aliyeongoza njia baharini alikuwa Mwingereza wa kukodiwa, William Sleeman. Mali ilikuwa yetu na amri yetu, lakini elimu ya kuvuka Atlantiki tuliikodi. Mabaharia Waislamu walikuwa wakipima nyota karne nyingi kabla. Meli zilipobadilika, hatukuwasomesha vijana wetu ujuzi mpya.

Je, leo tuna tofauti gani? Tunajenga shule ya Kiislamu, tunaezeka, tunakata utepe, halafu ndipo tunaanza kutafuta mwalimu wa hesabu na fizikia. Tukimkosa tunasema tumemtegemea Allah. Hiyo siyo tawakkul. Nabii Nuh (A.S.) angeweza kuokolewa bila ubao hata mmoja, lakini aliamrishwa aunde jahazi, akaunda huku wakimcheka. Gharika ilipokuja, jahazi lilikuwa tayari.

Basi wazazi wa Omurushaka, Kayanga na mijini kote, tuanze na watu kabla ya matofali. Kila msikiti uchague vijana wawili watatu wenye vichwa vya sayansi, uwalipie ada mpaka wamalize, kwa ahadi kwamba watarudi kufundisha. Ni kazi ya miaka kumi, haina utepe wa kukata. Lakini anayengoja kaskazi ianze ndipo ashone tanga, ataachwa bandarini.

Wabillahi tawfiq.