Leonardo wa Pisa: mtoto wa forodhani aliyewapa wafanyabiashara sifuri

Fundi wa fanicha pale Nsambya, Kampala, akimuuzia mteja kutoka Kisumu viti 23 kwa shilingi 80,500 kimoja, hutoa simu, akabonyeza mara chache na kupata 1,851,500. Hakuna anayeshangaa. Lakini tarakimu hizo zilifika kwenye madaftari ya wafanyabiashara wa Ulaya kwa safari ndefu, na mmoja wa waliozibeba alizijua akiwa mtoto, katika bandari ya Afrika.

Huyo ni Leonardo, aliyezaliwa yapata mwaka 1170 katika mji wa Pisa, Italia. Leo anajulikana zaidi kwa jina la Fibonacci, alilopewa karne nyingi baada ya kufa. Baba yake alikuwa ofisa aliyewahudumia wafanyabiashara wa Pisa katika forodha ya Bugia, bandari ambayo sasa ni Béjaïa nchini Aljeria. Alimwita mwanawe huko angali mdogo ili ajifunze hesabu.

Kwao Pisa namba ziliandikwa kwa herufi za Kirumi. 1,808 ilikuwa MDCCCVIII, na kuzidisha kwa herufi hizo ni taabu tupu. Bugia alifundishwa tarakimu tisa za Kihindi zilizotumiwa na Waarabu, pamoja na alama ya mahali patupu. Alama hiyo aliiita zephirum, kutokana na neno la Kiarabu sifr, ambalo kwetu ndilo sifuri.

Alipokua alisafiri Misri, Shamu, Ugiriki, Sicily na kusini mwa Ufaransa, akichunguza jinsi watu wa kila soko walivyohesabu. Mwaka 1202 alimaliza kitabu chake, Liber Abaci. Humo alieleza bei za bidhaa, kubadilisha fedha za nchi mbalimbali, kubadilishana mali kwa mali, na kugawana faida kati ya washirika. Alikirekebisha mwaka 1228. Kaizari Frederick wa Pili alimkaribisha mbele yake, na mwaka 1240 mji wa Pisa ulimpangia malipo ya kila mwaka. Baada ya hapo habari zake zinakoma.

Kukubalika hakukuwa kwa haraka. Mwaka 1299 chama cha wabadilishaji fedha wa Florence kiliwakataza wanachama wake kutumia tarakimu hizo katika vitabu vya hesabu. Hata hivyo zilishinda, kwa kuwa biashara ilizihitaji.

Nguvu yake ni nafasi: kila hatua kwenda kushoto, thamani huongezeka mara kumi. Simu hutegemea jambo hilohilo. Ndani yake namba huhifadhiwa kwa 0 na 1 tu, hivyo ili ikuonyeshe bei, programu huitenganisha iwe safu ya tarakimu. Chukua 80,500. Igawe kwa 10: unapata 8,050, baki 0. Gawa tena: 805, baki 0. Tena: 80, baki 5. Tena: 8, baki 0. Mwisho: 0, baki 8. Mabaki yametoka kinyumenyume, 0, 0, 5, 0, 8. Yageuze, na bei imerudi. Mwandishi wa programu akiiacha ile sifuri ya katikati, viti vya 80,500 vitaonekana ni vya 8,500.

Leonardo alifundisha pia njia ya kukagua hesabu kwa kujumlisha tarakimu. Bei, 8+0+5+0+0, ni 13, na 1+3 ni 4. Viti, 2+3, ni 5. Zidisha 4 kwa 5 upate 20, yaani 2. Sasa jibu: 1+8+5+1+5+0+0 ni 20, nalo ni 2. Zimelingana. Zisingelingana, hesabu ingekuwa na kosa.

Lakini zikilingana, usilale. Sifuri haiongezi chochote kwenye jumla, kwa hiyo 80,500 na 8,500 zote hutoa 4. Ukaguzi huo hauoni sifuri iliyodondoka wala tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi. Kwa hiyo kabla ya kutuma fedha kwa simu, au kujaza fomu pale Busia au Malaba, hesabu nafasi kuanzia kulia, moja moja, wewe na mwenzako mkitazama pamoja.