Ramadhani, siku ya 2: Zayd bin Thabit, kijana wa barua



Zayd bin Thabit (r.a.) wengi tunamjua kama mkusanyaji wa Qur'ani. Lakini kabla ya hapo alikuwa kijana wa barua.

Baba yake aliuawa katika vita vya Bu'ath, yeye akiwa na miaka 6. Mtume (s.a.w.) alipohamia Madina, Zayd alikuwa na miaka 11 hivi na ameshahifadhi sura 17. Jamaa zake wa Banu Najjar wakampeleka kwa Mtume, kwa fahari kabisa. Akasoma, Mtume akapendezwa naye.

Sasa, Mayahudi wa Madina walikuwa na maandishi yao, na barua zilikwenda na kurudi. Mtume (s.a.w.) hakuwa na utulivu kwamba anachosema ndicho kinachoandikwa, wala kwamba anachosomewa ndicho kilichomo. Hebu fikiria, mambo ya amani ya mji mzima, na wewe unategemea ulimi wa mtu mwingine! Neno moja likipinda, watu wanashika panga. Basi akamwamuru Zayd ajifunze maandishi yale. Haikufika hata nusu mwezi, kijana kayamudu. (Sisi tumekaa madrasa miaka mingapi?) Tangu hapo yeye ndiye aliyewaandikia, na barua zao zikija yeye ndiye aliyezisoma.

Miaka ikapita. Zama za Uthman (r.a.), Hudhayfa bin al-Yaman akarudi kutoka vitani Armenia na Azerbaijan ameingiwa na hofu: watu wa Sham na wa Iraq wanabishania kisomo, Waislamu kwa Waislamu. Uthman akamwita Zayd pamoja na Makuraishi watatu wanakili misahafu. Wakihitilafiana na Zayd, waandike kwa lahaja ya Kikuraishi. Na lugha moja haizuii kuhitilafiana, jamani. Mtu wa Mombasa akikuambia ndoo, anakuita uje. Wewe wa Dar unakwenda kuchota maji!

Wakakwama kwenye neno la lile sanduku la Wana wa Israili. Zayd, mtu wa Madina, akalisema kwa he: Tabuh. Makuraishi wakasema Tabut. Wakampelekea Uthman, akaamua iwe Tabut, na Zayd akakubali.

Ukifika juzuu ya pili leo, Suratul Baqara aya ya 248, utalikuta hapo, kwa te.